Kiswahili Kimoja, Desturi Mbili: Jinsi ya Kukaa kwa Amani Ugenini

Leo hatutazungumza juu ya bunduki. Tutazungumza juu ya mambo ya kila siku: soko, saa, salamu na kuni. Ni mambo madogo, lakini yanaweza kuwasha ugomvi kati ya mkimbizi na mwenyeji, na ugomvi wa watu wawili huwa upesi ugomvi wa vijiji viwili.

Tuchukue mfano wa Tanzania. Mwaka 1996, vita ilipofika Uvira na Fizi, watu wengi wa Kivu ya Kusini walivuka Ziwa Tanganyika wakaingia mkoa wa Kigoma. Mwaka huo huo kambi ya Nyarugusu ilifunguliwa. Mtu anayekimbilia kule anaweza kufikiri: "Wanasema Kiswahili kama sisi, hakuna shida." Kumbe shida imejificha humo humo.

Kwanza, soko. Kwetu wengi husema kuuza wakitaka kutoa pesa na kupata kitu. Mwenye kitu, yeye anauzisha. Tanzania, anayetoa pesa ananunua, na mwenye kitu ndiye anayeuza. Tuseme mama wa Baraka anafika sokoni na kusema: "Nataka kuuza ndagala." Mwenye meza anamjibu: "Ziko wapi?" Mama anaona anachekwa, mwenye meza anaona anapotezewa wakati, na sauti zinapanda. Hakuna mwenye kosa hapo. Neno ni moja, maana ni mbili. Vilevile sombe yetu wao huiita kisamvu, lengalenga ni mchicha, na kinga ni baiskeli.

Pili, saa. Wengi wetu huhesabu saa kama Wafaransa: saa nane ya asubuhi ni 8h00. Tanzania huhesabu tangu jua kuchomoza: saa moja asubuhi ni 7h00, na saa nane ni 14h00. Tena saa ya Kigoma inatangulia ile ya Uvira kwa saa 1. Mgonjwa aliyeambiwa kufika saa mbili akienda 14h00 atakuta mganga ameisha kuondoka, naye atasema: "Wananikataa kwa sababu mimi ni Mkongomani." Basi ukiitwa mahali, uliza: "Ni asubuhi ao mchana? Ni kwa kuhesabu kwenu ao kwa kwetu?" Kuuliza si ujinga.

Tatu, salamu na njia. Kwetu mtoto akisema "Jambo, mzee" na kutoa mkono, ametoa heshima. Kule mtoto humwambia mkubwa "Shikamoo", naye hujibu "Marahaba". Asiyesema hivyo huonekana hana malezi. Wafundisheni watoto neno hilo siku ya kwanza. Wafundisheni pia kuvuka barabara, kwa maana Tanzania magari hupita upande wa kushoto, si wa kuume kama kwetu. Kosa la salamu husamehewa, lakini kosa la barabara huua.

Nne, kuni na shamba. Hapa ndipo panga huinuliwa. Kwetu, mahali pengi, mtu huomba shamba kwa mwami ao kwa shefu. Tanzania, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeweka ardhi ya kijiji mikononi mwa halmashauri ya kijiji. Kumpa mzee mmoja mbuzi hakukupatii haki ya kulima. Na Sheria ya Wakimbizi ya 1998 inataka mkimbizi akae mahali alipopangiwa, na apate kibali kabla ya kutoka. Anayekwenda kuni porini bila kujua hayo anaweza kukamatwa, hata kama hakuiba.

Mapatano ya Umoja wa Inchi Huru za Afrika (OUA) ya 1969 yanasema pande zote mbili. Kumpokea mkimbizi ni tendo la amani na la utu. Inchi yake isilihesabu kuwa uadui. Naye mkimbizi ana wajibu wa kutii sheria za inchi iliyompokea.

Kwenu viongozi: kesi ikiletwa, kabla ya kuuliza nani ana kosa, ulizeni: "Ulisema neno gani? Yeye alilielewa namna gani?" Tena, mmoja akiiba, msiseme "Wakongomani ni wezi" ao "wenyeji wanatuchukia". Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 17, inasema kosa la jinai ni la mtu mwenyewe, na hakuna anayehukumiwa kwa tendo la mwingine.

Na ninyi mulio nyumbani, mukumbuke wanaorudi. Kuanzia 2005 wengi walirudi Fizi kutoka Kigoma. Mtoto aliyezaliwa kambini anarudi akisema "Shikamoo" na "kununua". Akichekwa na kuitwa mgeni katika kijiji cha babu yake, tunapanda mbegu ya ugomvi mwingine, na siku ya kugawa mashamba ataambiwa si wa hapa. Musimcheke. Mwelezeni, kama vile wazazi wake walivyotamani kuelezwa walipofika kule.

Leo jioni, kila jamaa itafute neno moja ao desturi moja ya jirani isiyoieleweka, na kesho imuulize jirani huyo kwa upole.