Laptopu Kuukuu ya Tawi Ilipokataa Intaneti

Ndugu wafanyakazi wa viwandani na mashambani, katika ukurasa huu tumezoea kuwaletea habari za mikutano na mapatano ya wenzenu wa nchi jirani. Safari hii tunawaletea habari ya mashine, kwa sababu mashine hiyo ilikaribia kutuharibia madai ya watu.

Sisi ni tawi la wafanyakazi wa shamba la chai, upande wa Magharibi ya Uganda. Mchuma chai hulipwa kwa kilo. Kwa miezi mitatu wanachama walilalamika kwamba kilo zilizoandikwa katika vikaratasi vya mizani hazilingani na kilo walizolipwa mwisho wa mwezi. Tukakusanya vikaratasi, tukavinakili kimoja kimoja usiku katika laptopu ya tawi, ambayo ilitengenezwa mwaka 2008 na sisi tuliinunua imekwisha kutumika, kwa michango yetu. Makao Makuu yakatuarifu kwamba mkutano na mwajiri ni Alhamisi na hesabu zetu ziwe zimefika Jumatano. Jumamosi tulipoiwasha ili tuzitume, waifai haikushika.

Fundi mmoja wa mjini aliitazama kwa muda wa nusu kikombe cha chai. Akasema kadi ya waifai imekufa, na mashine yenyewe imezeeka, bora tununue nyingine, naye anayo moja ya kuuza. Mweka hazina wetu, mama mchuma chai asiye na mchezo na fedha za watu, alifunga kitabu chake akasema hatatia sahihi mpaka aonyeshwe hicho kilichokufa. Wengine wetu tulimwona mkaidi.

Yupo aliyeshauri tuombe kutumia waifai ya ofisi ya shamba. Tulikataa. Orodha ya majina ya wanaodai haipitishwi katika mtambo wa yule anayedaiwa. Wala hatukutaka kuipeleka kwa fleshi na kuifungua katika kompyuta za kukodi mjini, ambako hujui ni nani atakayekalia kiti hicho baada yako.

Jumapili tulikaa ofisini na kijana mmoja wa stoo anayevielewa vyombo hivi. Alituuliza swali moja kwanza: ugonjwa uko wapi, kwenye laini, kwenye ruta, au kwenye laptopu? Simu ya mmoja wetu ilikuwa inafungua kurasa vizuri kwa waifai ile ile ya ofisi. Kwa hiyo laini nzima na ruta nzima. Ruta yenyewe ilikuwa mpya, maana ile ya zamani iliunguzwa na radi.

Kisha akachukua waya wa mtandao, akachomeka upande mmoja kwenye ruta na wa pili kwenye laptopu. Waya ukiunganisha vizuri, basi shida ni ya waifai peke yake. Ukigoma nao, shida ni kubwa zaidi. Hapo ndipo tulipochanganyikiwa, kwa sababu laptopu ilisema imeunganishwa, lakini kila ukurasa tuliofungua ulikataa na kuandika kwamba muunganisho si salama. Tukaanza kuamini maneno ya fundi.

Ni mweka hazina aliyeona. Alikuwa amezoea kuandika tarehe kwenye kila stakabadhi, akatazama pembe ya chini ya kioo akauliza, "Mbona hii inasema ni Januari 2008?" Tulikuwa tumechapa usiku mwingi na hakuna hata mmoja wetu aliyetupa jicho pale.

Maana yake ni hii. Ukurasa wa intaneti ulio salama hutoa cheti, kama kitambulisho cha kazi, chenye tarehe ya kuanza na ya kwisha. Laptopu hulinganisha tarehe hizo na saa yake. Kama saa inasema ni 2008, cheti kilichotolewa mwaka huu kinaonekana bado hakijaanza, naye askari wa getini anakufukuza hata kama wewe ni mfanyakazi halali. Saa hiyo huendeshwa na betri ndogo iliyo ndani, aghalabu ile bapa kama sarafu inayoitwa CR2032, ya volti 3. Betri hiyo ikifa, nayo betri kubwa ikiwa imekwisha siku nyingi kama yetu, kila umeme ukikatika saa inarudi nyuma. Tulirekebisha tarehe, mwaka na saa, na kurasa zikafunguka kwa waya.

Lakini waifai bado. Kijana akatuonyesha orodha ya waifai ambazo laptopu inaziona. Ya duka la jirani ilikuwemo, yetu haikuwemo. Ndugu zetu, tazameni jambo hili vizuri. Kadi iliyokufa haioni chochote. Kadi inayoona ya jirani i hai, ila haiisikii ya kwako.

Ruta za sasa hurusha kwa njia mbili, mawimbi ya gigahezi 2.4 na ya gigahezi 5. Ya 5 yana kasi, ingawa yanachoka upesi yakikutana na kuta. Laptopu nyingi za miaka ile zina kadi ya 2.4 tu, nayo yetu ni mojawapo. Aliyetufungia ruta mpya alikuwa ameizima 2.4. Simu zetu za karibuni zikaendelea bila shida, laptopu ikabaki kiziwi.

Tukaingia ndani ya ruta kwa waya, tukiandika ile anwani na neno la siri vilivyobandikwa chini yake. Tukawasha 2.4. Tukaiweka kwenye chaneli ya 6, kwa sababu kadi nyingi za zamani zilizotengenezwa kwa soko la Marekani hazisikii chaneli ya 12 wala ya 13. Upande wa ulinzi ruta ilikuwa inadai WPA3, utaratibu uliotoka mwaka 2018, ambao kadi ya mwaka 2008 haiujui. Tukaweka WPA2. Msishuke chini ya hapo, wala msiache waifai bila neno la siri ili tu mashine kuukuu ipate kuingia. Jina la ofisi likatokea kwenye orodha.

Wenzetu wengine watakuta ugonjwa tofauti. Laptopu nyingi za zamani zina swichi ndogo ya waifai ubavuni, au kitufe chenye alama ya mnara, na mtu huigusa bila kujua. Nyaya za antena hupita kwenye bawaba za kioo, nazo hukatika kwa kufunguliwa na kufungwa kila siku. Kama anwani ya mashine inaanza na 169.254, haijapewa anwani na ruta. Zima vyote viwili, washa ruta kwanza. Ofisi ya mabati hunyima mawimbi. Na kadi ikiwa imekufa kweli, iko kadi ndogo ya kuchomeka kwenye tundu la USB, au simu yenyewe huweza kuipa laptopu intaneti kwa waya wake wa chaji. Sisi hata hiyo isingalitusaidia kabla ya kurekebisha saa.

Hatusemi mzee huyu atumike milele. Ana Windows 7, ambayo kampuni yake iliacha kuitolea marekebisho ya usalama tarehe 14 Januari 2020. Tumekubaliana kwamba hesabu za fedha za wanachama hazitawekwa humo, na kijana wa stoo anajaribu kumtilia Linux, programu isiyouzwa.

Hesabu za kilo zilifika Makao Makuu Jumatatu asubuhi. Mazungumzo na mwajiri hayajakwisha, na karani wa mizani sasa anaandika vikaratasi viwili, kimoja kikibaki kwa mchumaji. Betri tulinunua mjini kwa fundi yule yule, na mweka hazina akamdai stakabadhi.