Muziki Masikioni: Ukubwa wa Sauti na Muda wa Kusikiliza

Vijana wengi siku hizi husikiliza muziki kwa vipokea sauti vinavyovaliwa masikioni, wawapo safarini, wanapojisomea, hata wanapolala. Jambo hilo si baya. Hata hivyo, yafaa tuelewe jinsi sikio linavyofanya kazi, ili starehe ya leo isije ikawa uziwi wa kesho.

Mawimbi ya sauti yaingiapo sikioni hutikisa kiwambo cha sikio. Mtikisiko huo hupitishwa na mifupa midogo mitatu hadi kwenye koklea, yaani sehemu ya ndani iliyojipinda kama ganda la konokono na kujaa majimaji. Humo mna seli zipatazo 15,000 zenye vinyweleo. Vinyweleo vipindapo, habari hupelekwa kwenye ubongo kwa njia ya neva. Sauti kubwa mno huzichosha seli hizo, na ikidumu huziua. Kuku huweza kuotesha seli mpya mahali pa zilizokufa, binadamu hawezi.

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Kila zinapoongezwa desibeli 3, nishati inayoingia sikioni huwa maradufu, na kwa hiyo muda ulio salama hupungua kwa nusu. Kikomo kilichopendekezwa na Shirika la Afya Duniani kwa mtu mzima ni desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kwa watoto ni desibeli 75. Basi na tufanye hesabu ya mtu mzima. Kwa desibeli 83 ni saa 20. Kwa 86, saa 10. Kwa 89, saa 5. Kwa 92, saa 2 na nusu tu kwa juma zima. Anayesikiliza desibeli 92 kwa saa moja kila siku huvuka kikomo siku ya tatu.

Hatari hii huzidi ndani ya basi, kwani msafiri hupandisha sauti ili muziki ushinde ngurumo ya injini.

Madhara huanza kimya kimya. Sauti nyembamba ndizo zinazopotea kwanza, na konsonanti kama s, f na th ni za namna hiyo. Mtu husikia kwamba anasemeshwa, lakini hatofautishi "thamani" na "samani", wala "sisi" na "fisi". Darasani mwanafunzi huyo ataonekana mzito wa kuelewa, kumbe masikio yake ndiyo yaliyopungukiwa.

Kinga ni rahisi. Sauti isizidi asilimia 60 ya uwezo wa chombo. Masikio yapumzishwe mara kwa mara. Mtu aliye umbali wa mkono mmoja akisema kwa sauti ya kawaida nawe humsikii, punguza. Mvumo unaobaki masikioni baada ya muziki kuzimwa ni onyo, lisipuuzwe. Walimu wa fizikia na biolojia waweza kuifanya hesabu iliyotajwa hapo juu kuwa zoezi la darasani, kila mwanafunzi akikadiria saa zake mwenyewe.