Mkaguzi akishaondoka, mwalimu hubaki na nini?

Mkaguzi hukaa dawati la nyuma, daftari juu ya mapaja. Mbele, mwalimu wa hesabu anagawa duara ubaoni kwa chaki, na andalio la somo liko mezani, limejazwa vizuri. Wanafunzi wa mbele wananyoosha vidole. Wa nyuma, walio karibu na mkaguzi, wananakili duara bila kujua linagawanywa kwa nini. Hao ndio wa kuwaangalia, kwa sababu andalio halisemi kama wameelewa.

Tathmini ya mwalimu inaweza kuinua ufaulu Pemba, ila si kwa fomu peke yake. Kenya ilianzisha mfumo wake wa kutathmini walimu, TPAD, mwaka 2016, na chama cha walimu, KNUT, kikalalamika kuwa ujazaji wa fomu unakula muda wa kufundisha. Lalamiko hilo ni la haki.

Tanzania Bara kuna somo jingine. Mwaka 2013 na 2014, shirika la Twaweza lilifanya jaribio la KiuFunza katika skuli 350 za msingi. Baadhi zilipata ruzuku ya shilingi 10,000 kwa kila mwanafunzi. Kwengine walimu waliahidiwa shilingi 5,000 kwa kila mwanafunzi aliyefaulu somo. Kundi la tatu lilipata vyote viwili. Ruzuku peke yake haikuinua matokeo. Palipokuwa na ruzuku hiyo pamoja na mwalimu mwenye sababu ya kujitahidi, watoto walipiga hatua kubwa.

Kwa hiyo kumpima mwalimu bila kumsaidia ni kazi nusu. Pemba, msimu wa karafuu ukifika madawati huwa wazi: watoto wako mashambani wakiokota mpeta, karafuu zilizoanguka chini. Mwalimu wa wilaya ya Micheweni akilinganishwa na wa mjini kwa asilimia ya ufaulu tu, anaonewa. Apimwe kwa umbali aliowavusha wanafunzi wake, tangu walipoanza mwaka hadi walipoumaliza.

Msaada hauko mbali. Wingwi, Mitiulaya, Michakaini na Mizingani kuna vituo vya walimu. Mkaguzi akigundua kuwa hesabu za sehemu zinamshinda mwalimu, ampeleke huko wiki hiyo hiyo, kisha arudi darasani kumwangalia tena. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali iongeze safu moja kwenye fomu: mwalimu huyu amesaidiwa nini, na lini?