Visu vya Wazee na Kutu ya Mji wa Ziwani

Iwapo umeachiwa visu na babu, au umevikusanya mwenyewe kimoja kimoja, jihadhari na unyevu kabla ya kumhofia mwizi. Bujumbura imekaa ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, na majira ya mvua huanza yapata Oktoba hata Mei.

Kosa lililo kubwa ni kukiacha kisu ndani ya ala yake ya ngozi miezi mingi. Ngozi hunyonya unyevu wa hewani, na dawa zilizotumika kuitengeneza huweza kukila chuma polepole. Kitoe kisu, ukifute kwa kitambaa kikavu, ukipake mafuta mepesi ya cherehani, kisha ukivingirishe katika nguo ya pamba. Ala na itundikwe kando. Mawese ya Rumonge, ingawa ni matamu chunguni, hayafai hapa: huchacha na kuacha utando unaonata.

Mpini wa mti usilowekwe majini. Alama za nyundo ya mhunzi usizisugue kwa msasa, maana zikifutika hazirudi tena.

Sanduku liinuliwe kutoka sakafuni, lifungwe, na ufunguo akae nao mtu mzima. Wakati wa mvua, vifunue kila baada ya wiki mbili, uvitazame.