Tasnifu ya kompyuta kuhusu Kiswahili yahitaji wasimamizi wawili

Siku hizi napata wageni ambao zamani hawakuwa na shughuli yoyote katika idara ya Kiswahili: wanafunzi wa uzamili wa sayansi ya kompyuta. Huyu anataka kuunda programu ya kusahihisha tahajia, yule ya kutafsiri, mwingine ya kujibu maswali ya wakulima kwa Kiswahili. Wote huja na swali lile lile: "Mwalimu, nani atanisimamia?"

Swali hili lina uzito. Wapo wanafunzi waliomaliza masomo ya darasani vizuri kabisa, kisha tasnifu ikawala miaka mitatu au minne, na karo nayo haiwasubiri. Aghalabu chanzo si ugumu wa mada bali msimamizi.

Tuanze na neno lenyewe. Msimamizi limetokana na simamia, yaani kauli ya kutendea ya kitenzi simama. Mtihani una msimamizi, mjengo una msimamizi, hata arusi ina msimamizi. Naona wanafunzi wengi humtafuta yule wa arusi: mtu mpole wa kusimama kando yao na kutabasamu kwenye picha. Wa tasnifu anakaribiana zaidi na wa mjengo, ambaye hugonga ukuta kwa nyundo na kuuliza saruji ilikuwa mifuko mingapi. Wapo wanaopendelea mshauri au mwelekezi. Mimi sina ugomvi na maneno hayo, ila nyundo isisahaulike.

Sasa, huyo wa kugonga ukuta atoke idara gani? Kijana mmoja alinionyesha programu yake ya kusahihisha tahajia. Nikaandika "hawajatupigia". Programu ikalipigia mstari mwekundu, eti ni kosa! Kumbe ilikuwa ikilinganisha kila neno na orodha ndefu aliyoikusanya. Lakini tazama neno hilo: ha- ya ukanushi, -wa- ya nafsi, -ja- ya wakati, -tu- ya mtendewa, mzizi -pig-, -i- ya kauli ya kutendea na kiishio -a. Viambajengo saba katika neno moja. Badilisha nafsi, wakati na kauli, na kitenzi kimoja tu kitakuzalia maelfu ya maneno. Hakuna orodha itakayoyamaliza. Programu inapaswa kulichambua neno, si kulitafuta.

Msimamizi wake, mtaalamu hodari wa kompyuta, hakuliona tatizo hilo kwa sababu hakuna aliyempa neno la aina hiyo alijaribu. Nami kwa upande wangu ningeweza kuonyesha kasoro ya kisarufi, lakini usiniulize kama takwimu zake za usahihi zimekokotolewa ipasavyo. Ndiyo maana nashikilia kwamba tasnifu ya namna hii iwe na wasimamizi wawili, mmoja kutoka kila upande.

Hili si jambo jipya. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini, alianza katika miaka ya 1980 kuunda mfumo wa kompyuta wa kuchambua maneno ya Kiswahili, kwa kutumia kanuni za mofolojia. Hapa nyumbani upo mradi wa Kencorpus, uliokusanya matini na sauti za Kiswahili, Dholuo na Kiluhya. Miongoni mwa watafiti wake ni Lilian Wanzare, mtaalamu wa kompyuta, na Florence Indede, msomi wa Kiswahili, wote wa Chuo Kikuu cha Maseno. Sisemi muwafurikie kwa barua pepe. Nasema tazameni namna kazi yenyewe ilivyogawanywa.

Kumpata msimamizi huanza kwa kusoma. Chukua makala matatu au manne yaliyokusisimua, uangalie nani kayaandika na nani anatajwa mara kwa mara katika marejeleo. Kisha chunguza nani kati yao, au kati ya wanafunzi wao wa zamani, anafundisha mahali unapoweza kufika. Umaarufu usikubabaishe. Profesa mwenye vyeo vitano hana wakati wa sura yako ya tatu.

Unapomwandikia, usiseme tu kwamba unatafuta msimamizi. Aya moja yatosha: swali lako ni lipi, data utaitoa wapi, na utajuaje kwamba programu imefaulu. Hapo kwenye data ndipo wengi hukwama. Mtu anataka kufanyia kazi lahaja ya Kimvita ilhali hana hata saa moja ya mazungumzo yaliyorekodiwa. Na ukipanga kwenda kuwarekodi watu, utahitaji kibali cha utafiti kutoka NACOSTI, jambo ambalo msimamizi mzuri atakuuliza siku ya kwanza.

Nawe muulize. Ana wanafunzi wangapi tayari? Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) imewawekea wahadhiri kikomo. Je, anakaribia kustaafu au kwenda likizo ya utafiti? Husoma sura kwa muda gani? Hili la mwisho, bwana, usiishie kumuuliza yeye. Waulize wanafunzi wake.

Wasimamizi wawili wana taabu zao pia. Namjua binti aliyeambiwa na wa Kiswahili aongeze sura ya nadharia, na wa kompyuta akamwagiza aifute. Muhula mzima ukaishia hapo. Afueni ilipatikana alipowaketisha pamoja, akaandika waliyokubaliana na kuwatumia wote wawili jioni ile ile. Ni vyema pia ijulikane mapema nani ndiye msimamizi mkuu.

Mwisho kuna karatasi. Mhadhiri kukuambia "sawa, nitakusimamia" mkiwa ngazini si uteuzi. Jina lake hupendekezwa na idara na kuidhinishwa na ofisi ya masomo ya uzamili, nawe hupewa barua. Iombe barua hiyo kabla ya kuanza sura ya kwanza.