Mkurugenzi Aliyesafiri Bila Askari

Mwanachama akikataa kufuata sheria za kikundi, mtafanya nini? Hamna polisi. Mtamwendea kwake, mkae chini, muongee. Hivyo ndivyo alivyofanya Albert Thomas, Mfaransa, mtoto wa mwoka mikate, aliyekuwa mkurugenzi wa kwanza wa Shirika la Kazi Duniani tangu 1919 hadi alipofariki Mei 1932.

Shirika hili lilizaliwa baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, na makao yake yako Geneva, Uswisi. Kwenye mkutano wake kila nchi hutuma wajumbe wanne: wawili wa serikali, mmoja wa waajiri na mmoja wa wafanyakazi. Wao hupitisha mikataba. Lakini mkataba haufungi nchi yoyote mpaka serikali yake yenyewe iuridhie, na hapo ndipo shida ilipokuwa. Thomas aliona barua peke yake hazitoshi. Mwaka 1925 alienda Amerika ya Kusini. Mwishoni mwa 1928 akafika China na Japani.

Kwa nini huko mbali? Hebu tutazame mkataba wa kwanza kabisa, wa 1919. Ulisema kazi ya kiwandani iwe saa 8 kwa siku na 48 kwa wiki. Kumbe Japani iliruhusiwa saa 57, na 60 kwa wanaotengeneza hariri mbichi. China haikuguswa hata kidogo. Yaani waliochoka zaidi ndio waliolindwa kidogo! Katika viwanda vya pamba vya Japani wasichana walikuwa wakifanya kazi usiku. Sheria ya kukomesha jambo hilo ilikuwa imeshatungwa kabla ya safari yake, ila ilianza kutumika Julai 1929. Kwa hiyo hatuwezi kumpa mgeni sifa yote.

Sisi wa makoloni hatukuwa na kiti chetu mkutanoni. Hata hivyo, mwaka 1930, Thomas akiwa bado mkurugenzi, ulipitishwa mkataba wa kukomesha kazi ya kulazimishwa. Haukuikata mara moja. Kwa muda uliruhusu wanaume wa miaka 18 hadi 45 walazimishwe, mradi isizidi siku 60 kwa mwaka. Wazee wetu wanaokumbuka kazi ya lazima ya wakati wa mkoloni watajua hizo siku 60 ni nyingi kiasi gani.

Kuna sehemu moja ya mkataba huo inayohusu vikundi vyetu. Kazi ndogo ndogo za kijiji kwa faida ya wanakijiji wenyewe, kama kusafisha kisima, hazihesabiwi kuwa za kulazimishwa, ikiwa wanakijiji au wajumbe wao wana haki ya kuulizwa kama kazi yenyewe inahitajika. Kenya iliuridhia mkataba huo mwaka 1964.