Sekunde 6 zilizomwangusha Robbins porini

KWA shabiki wa soka, hakuna kinachouma kama goli linaloingia baada ya filimbi ya mwisho. Mkanada Gary Robbins anaujua uchungu huo.

Aprili 2017, kwenye mbio za Barkley katika milima ya Tennessee, Marekani, aligusa geti sekunde 6 baada ya saa 60 zinazoruhusiwa kuisha. Kumbe hata angewahi, asingehesabiwa. Kwenye ukungu wa mzunguko wa tano, ambao ndio wa mwisho, alikosea njia na kutokea upande usio wake.

Barkley hawaruhusu saa ya GPS. Ni ramani na dira, basi.

Wanaokimbia porini kwingine wana msaada. Saa ya GPS hupokea mawimbi ya setilaiti, na ikizipata angalau nne inajua ulipo. Pakia njia kabla ya kutoka nyumbani: mstari utauona kwenye kioo, na ukichepuka saa nyingi hutetema mkononi.

Lakini usiiamini kupita kiasi, hata VAR hukosea. Chini ya miti minene au kwenye bonde jembamba, saa inaweza kupotoka mita kadhaa, na mara nyingi onyo huja ukiwa umeshapita. Kwa hiyo ukifika njia panda punguza mwendo, tazama mstari, ndipo uchague. Kupanda tena mlima ulioteremka kimakosa ni adhabu tosha. Chaji ijae, ramani iwe mfukoni.

Saa ni mshika kibendera tu. Mwamuzi ni wewe.